Swali Lililokataa Kustaafu

Mke wangu ni daktari, au niseme daktari nusu, maana bado yuko mafunzoni, na akinisikia nasema nusu leo sili. Mimi ni fundi wa majokofu. Watu wakisikia habari zetu hudhani nyumbani tunaongea majina ya dawa tangu chai ya asubuhi. Wala. Nyumbani kwetu tulikuwa tunaongea maswali.

Chuo kinachowafunza madaktari hawa kiliamua kuwafundisha usalama wa mgonjwa kwa njia ya simu. Si somo la kukaa darasani na kusinzia. Kila siku swali moja au mawili yanaingia kwenye simu: kisa kifupi, mgonjwa fulani, dawa fulani, je, wewe ungefanya nini? Ukikosa, unaelezwa kwa upole ulipoteleza, kisha swali linakwenda zake, linakaa siku kadhaa mpaka umelisahau, halafu hilo linabisha hodi tena. Ukipata linaondoka pia, ila linakawia zaidi, na mwisho linarudi kuhakikisha kwamba hukubahatisha. Ukilipata mara mbili mfululizo, linastaafu. Hilo ndilo neno lao, kustaafu. Mama yangu aliposikia alisema hayo maswali yana bahati, maana yeye ameiendesha nyumba hii tangu nizaliwe na hakuna aliyewahi kumstaafisha.

Tuliishi watatu: mama, mke wangu na mimi. Ukihesabu na simu, wanne. Simu ikilia, mkono wa mke wangu uliokuwa ukielekea mdomoni na tonge unasimama hewani, na macho yanaondoka mezani. Nilianza kuiita mume mwenzangu. "Mume mwenzangu kaamka," nasema, na yeye ananikata jicho huku anasoma.

Akikwama, alitusomea kwa sauti. Nadhani alifanya hivyo kwa ajili ya kujifurahisha zaidi kuliko kutafuta msaada, maana msaada wetu ulikuwa wa kusikitisha. Mimi jibu langu lilikuwa ni la kazini: zima kwanza, subiri kidogo, washa tena. Mama yeye alikuwa na moja tu kwa kila swali: "Mwite mkubwa wako." Bahati mbaya kwangu, jibu la mama lilipatia mara nyingi, na kila likipatia alinitazama mimi, si mke wangu.

Basi maswali yakawa yanastaafu moja baada ya jingine. La kunawa mikono likaenda. La kuandika dozi bila kufupisha likaenda. Likabaki moja lenye kichwa kigumu kuliko mke wangu, na hapo ujue tunazungumzia ugumu wa hali ya juu.

Lilikuwa hivi: mgonjwa unayemfahamu vizuri amelazwa, na wewe unataka kumtoa damu ya kupeleka maabara. Ufanye nini kwanza? Mke wangu alijibu kwamba atamsalimia na kuendelea na kazi. Simu ikasema siyo. Mwombe mgonjwa ataje mwenyewe jina lake kamili, ikasema, kisha ulinganishe na faili.

"Mtu ninayemfahamu nimwulize jina?" mke wangu akaiuliza simu. "Atadhani nimevuta kitu."

Siku zikapita, swali likarudi limevaa nguo nyingine. Safari hii mgonjwa alikuwa jirani yako. Akakosa. Likarudi tena, mgonjwa akawa mwalimu wako wa zamani. Akakosa kwa makusudi mazima, nilimwona, alibonyeza lile jibu lake kwa kidole cha hasira.

"Wenzangu wote wameshamaliza," akasema. "Wanajibu wanachotaka kusikia. Mimi najibu nitakachofanya."

"Na uendelee hivyo hivyo," mama akamuunga mkono. "Mtu mzima mmeshakula pamoja, halafu unakuja na sindano unamwuliza wewe nani? Bora ukose kwenye simu kuliko kukosa adabu."

Mimi nikasema na mimi niko upande wao. Kwa hiyo nyumba nzima tukawa tumeigomea ile simu, na simu haikujali. Iliendelea kulirudisha lile swali, kwa upole wake ule ule wa kuudhi.

Wakati huohuo mama alikuwa anaumwa. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi ambao ulikuwa ukimvuja damu kidogo kidogo, hadi viganja vyake vikawa vyeupe na kupanda ngazi tatu za barazani ikawa safari. Daktari bingwa alishasema uvimbe utolewe, ila kabla ya kumpasua lazima aongezewe damu. Mama akakataa. Akakataa kwa mwaka mzima, kwa visingizio nisivyoweza kuvimaliza hapa: mara mvua, mara hana nguo ya kulala inayofaa kuonwa na watu, mara yule bingwa ana mikono mikubwa. Ukweli alikuwa anaogopa, na mimi nilikuwa naogopa kuliko yeye. Baba alishatangulia. Sina ndugu. Kila nikimsikia anahema kwa kupanda ngazi, nilikuwa natoka nje kwenda kugongagonga jokofu lisilo na ubovu.

Aliyemlainisha ni mke wangu. Sijui alimwambia nini, walikuwa jikoni, nilisikia vicheko. Mama akatoka na masharti yake: atalazwa, lakini atakayemgusa kwa sindano ni mkwe wake, basi. "Mimi nina daktari wangu wa nyumbani," akautangazia mtaa. "Hao wengine watanisalimia wapite." Mtaa mzima humwita Mama Fundi, na mtaa mzima ukaja kumuaga.

Nilijua kwamba kukubali kwake kulikuwa kumeshikwa na uzi mmoja mwembamba. Lolote likimchukiza angerudi nyumbani, na nisingemtoa tena.

Asubuhi ya siku ya kumlaza, kabla hatujatoka, simu ikalia. Lile swali. Mke wangu akalitazama, akashusha pumzi, akachagua jibu lao. "Nimelichoka," akasema. Simu ikampongeza na kumwambia watakutana tena. Nilidhani ataitupa dirishani.

Yeye siku hiyo alipangiwa jengo jingine, kwa hiyo mama nilimpeleka mimi, nikamkabidhi kwa muuguzi mlangoni, maana wodi ya wanawake mwanamume haingii nje ya saa za kuona wagonjwa. Kesho yake mchana nikaja na chupa ya chai na shuka safi. Wodi ilikuwa ndefu, imepakwa rangi ya kijani hadi usawa wa bega na nyeupe juu yake, vitanda vimepangwa pande mbili, na mguuni mwa kila kitanda linaning'inia faili. Juu feni ilikuwa inalia. Kwa mlio tu nilijua beringi zake zimekauka, na ninaona aibu kusema kwamba jambo la kwanza nililowaza ni ngazi ya kuifikia.

Mama alikuwa kitanda cha karibu na mlango, amekaa kitako, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa mbwembwe, akiwasimulia majirani zake habari za mkwe. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

"Anakuja sasa hivi," alikuwa anasema. "Mtamwona. Hana maringo. Mkono wake mwepesi, hata hutajua umechomwa."

Kweli mke wangu akaingia, koti jeupe, nywele amezibana nyuma, trei mkononi. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza zamu. Mama hakungoja kuambiwa, alikunja mkono wa gauni na kunyoosha wake huku anawaangalia majirani, kuhakikisha kwamba wanaona. Mke wangu akaniinamishia kichwa kidogo, akachukua faili lililokuwa mguuni mwa kitanda, akalifungua, akatoa kichupa cha kutilia damu chenye lebo tupu, akashika kalamu tayari kuandika jina juu yake. Mikanda ya jina ya kuvaa mkononi ilikuwa imekwisha stoo, kwa hiyo lebo na faili ndiyo kila kitu.

Kalamu ikagusa lebo. Halafu akainua kichwa.

"Mama, naomba utaje jina lako kamili."

Aliniambia baadaye kwamba hakukusudia. Mdomo ulitangulia, kichwa kikafuata kikiwa kimechelewa. Lile swali lilikuwa limerudi mara nyingi mno hata likajipenyeza mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwa na habari napo.

"La nani?" mama akauliza.

"Lako, Mama."

"Mimi?"

"Ndiyo."

Majirani wakageuza shingo. Nilimwona mama anageuka rangi, na kwa damu aliyokuwa nayo sijui rangi hiyo aliitoa wapi. Nikaona niokoe jahazi.

"Si Mama huyu!" nikasema huku nacheka kicheko cha uongo. "Andika tu, jina lake ni..."

"Wewe nyamaza," mke wangu akasema bila kunitazama. "Sijakuuliza wewe."

Nikanyamaza. Sijawahi kuambiwa hivyo mbele ya watu, na nilinyamaza kama redio iliyochomolewa waya.

"Yaani," mama akaanza, taratibu, na mama akianza taratibu tafuta pa kujificha, "umekaa kwangu miaka miwili. Umepikia sufuria zangu. Ulipougua homa ni nani alikukanda usiku kucha? Nimekusifia hapa tangu asubuhi mpaka mate yamenikauka. Leo mbele za watu hata hali hujaniuliza, unaniuliza jina?"

"Mama..."

"Fundi, nipe nguo zangu. Twende nyumbani."

Sitaficha, dakika ile nilimchukia mke wangu. Mwaka mzima wa kubembeleza, na yeye anaumwaga kwa neno moja la kwenye simu ambalo hata yeye mwenyewe halikubali. Nilimtazama nikimsihi kwa macho amwombe radhi mama, aandike, amtoe damu, mambo yaishe. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Lakini hakusogea, na kalamu akaiweka chini kwenye trei.

"Ukitaka kunikasirikia, Mama, nikasirikie," akasema. "Ukitaka kurudi nyumbani, begi nitakubebea mimi hadi getini. Lakini damu hii siitoi mpaka nisikie jina lako kinywani mwako."

Sijui kwa nini alishupaa vile. Yeye anasema ni kwa sababu alishauliza, na kurudi nyuma kungekuwa aibu mara mbili. Nimeshasema habari ya ugumu wa kichwa chake.

Mama akamkodolea macho. Mwanamke mmoja ng'ambo ya pili akakohoa. Kisha mama akajiweka sawa, akashusha miguu chini, akanyoosha mgongo, akalitaja jina lake, na la baba yake, na la babu yake, moja moja, kwa sauti ya kumkomoa mtu.

Mke wangu akatazama faili. Akamtazama mama. Akatazama faili tena, safari hii kwa kidole, chini ya kila neno. Halafu akalifunga na kulishika kifuani kwa mikono miwili.

"Hili faili si lako," akasema.

"Si langu kivipi? Si lilikuwa hapo?"

"Mama, jana ulilala kitanda hiki?"

Mama akasita. Hasira zikaanza kumshuka. "Jana nililala kile cha dirishani," akasema. "Lakini huyu mwenzangu alikuwa anabanwa na pumzi, huku mlangoni hakuna hewa. Asubuhi baada ya chai nikamwambia tubadilishane. Ni vibaya?"

Wote tukageuka. Kwenye kitanda cha dirishani alikuwa amelala mama mmoja mwembamba, amefumba macho, hewa ya nje ikipeperusha pazia juu yake. Mguuni mwake lilining'inia faili la mama yangu. Walikuwa wamehama wao, na mito yao, na vikombe vyao, wakayaacha mafaili. Nani angekumbuka faili wakati anamfanyia mtu wema?

Mke wangu akaenda pale, akainama, akamwuliza yule mama jina. Yule akafumbua macho, akalitaja upesi, bila kinyongo. Mke wangu akabadilisha mafaili. Mwisho wa wodi muuguzi alikuwa anakuja na toroli la dawa, anatoa kitanda kwa kitanda. Mke wangu akamwendea, wakanong'ona, muuguzi akajishika kiuno na kutikisa kichwa. Dawa zilikuwa hazijafika kwa yeyote kati yao. Kisha akarudi kwa mama, akachukua kichupa kipya, akaandika lebo, akamtoa damu. Mama alikuwa anamtazama tu.

Nilimfuata mke wangu kwenye ukumbi wa nje. Alikuwa ameegemea ukuta.

"Ungenieleza kidogo," nikasema, "maana mimi nimeelewa nusu."

"Kile kichupa cha kwanza ningekiandika jina la yule mama wa dirishani," akasema. "Ndani ingekuwa damu ya mama. Maabara wangepima, wangeleta damu inayomfaa mama, na wangemtundikia yule mwingine. Na yule akitolewa damu kwa faili la mama, inayomfaa yeye ingekuja kwa mama. Damu isiyo ya kundi lako inakuua huku watu wanakuangalia."

"Lakini ungeona jina si lake."

Hapo ndipo akalia kwa kweli. "Ningeonaje? Silijui! Ningelinakili lile lile, nisaini, nimshukuru. Miaka miwili naishi naye. Najua anakunywa chai ya sukari ngapi. Najua goti linalomuuma. Jina nilikuwa silijui. Ningeulizwa ni mgonjwa gani unamfahamu kuliko wote, ningesema huyu."

Nilimshika mkono tukasimama hivyo mpaka mhudumu wa usafi akatuomba tumpishe apige deki. Nilikuwa na hofu ya mtu aliyekwisha kuvuka barabara ndipo akaliona gari. Mama yangu alikuwa hai mle ndani, anamweleza jirani yake jambo, sauti yake naisikia, na nilimshukuru Mungu kwa kila neno, hata yale aliyokuwa akinisema mimi.

Damu ikaja kesho yake, saa za kuona wagonjwa. Nikiwa pale, mama alikuwa ameshakuwa mtu mwingine. Kila aliyekaribia kitanda alisomewa majina matatu kabla hajafungua mdomo. Muuguzi alisomewa. Mpeleka chakula alisomewa, akasema, "Mimi naleta chakula tu, bibi," na mama akamwambia na chakula nacho kina mwenyewe. Bingwa mwenye mikono mikubwa alisomewa akiwa bado mlangoni.

Mke wangu akaja na muuguzi, wamebeba mfuko wa damu. Wakasimama pande mbili za kitanda, mmoja ameshika mfuko, mwingine faili.

"Mama," mke wangu akasema kwa sauti ndogo, "samahani, nitakuuliza tena."

"Uliza."

Akauliza. Mama akayataja yote matatu, tena bila kumkomoa mtu. Muuguzi akasoma faili kimya, akaitikia kwa kichwa. Mke wangu alipotaka kufunga mpira wa damu, mama akauzuia mkono wake.

"Nimelitaja mimi siku mbili," akasema. "Sasa litaje wewe, nisikie."

Mke wangu akanitazama. Mkwe hatamki jina la mama wa mumewe hivihivi, mdomo unakuwa mzito. Hata mimi mwanawe sijawahi kulitamka mbele yake. Baba alimwita Mama Fundi tangu nilipoanza kushika bisibisi. Waliokuwa wakimwita kwa jina lake walikuwa wazazi wake na dada zake, na wote tumewazika.

"Soma hapo kwenye mfuko," mama akasema. "Si limeandikwa?"

Mke wangu akauinua mfuko karibu na uso wake. Akalisoma jina la mama yangu, polepole, na la baba yake, na la babu yake.

"Abee," mama akaitika.

Ilikuwa sauti ya msichana anayeitwa kutoka uani. Sikuwa nimewahi kuisikia.